Magoti ya Mshona Gomesi

Tabibu wangu,

Mimi ni mama wa miaka 61, mshonaji wa magauni ya gomesi pale Kiyembe, Kampala. Nimekanyaga cherehani ya miguu tangu usichana wangu, na sasa magoti yamenigeuka, la kulia zaidi. Mwaka jana kabla ya Ramadhani daktari alinipiga picha, akasema gegedu imelika na mifupa inasagana. Akaniandikia diclo za miligramu 50, kimoja mara tatu kwa siku, kwa siku kumi, kisha nirudi. Sikurudi. Foleni ni ndefu na goti lilikuwa limetulia. Tangu hapo najinunulia mwenyewe kwenye duka la dawa karibu na nyumbani. Wananijua, siulizwi kitu. Asubuhi nameza na chai kavu kwa sababu nawahi taksi.

Maumivu yakizidi naenda kliniki ya mtaani nachomwa sindano ya diclo. Mwanangu aliye Dubai aliniletea kopo kubwa la ibuprofeni, nazo nameza usiku nipate usingizi. Tena kwa miezi miwili hivi nimekuwa nikinywa dawa ya chupa ya mitishamba niliyonunua Old Taxi Park kwa bwana mmoja mwenye kipaza sauti, na kusema kweli hiyo inashinda zote.

Nina presha pia. Kliniki nyingine hunipa lisinoprili na kidonge cha kukojoa. Wiki iliyopita walinikuta na 168 kwa 100, nami nimezoea 140. Jioni viatu vinabana, na nikilala kifua kinawaka moto.

Binti yangu kasikia kwamba diclo zinaua figo. Anataka niache vidonge vyote, vya goti na vya presha, na kila siku ananitajia jirani yetu anayesafishwa damu hospitali ya Kiruddu. Mimi naona nikiacha sitashona, na msimu wa kwanjula, zile sherehe za uchumba, umefika, gomesi za watu zimejaa mezani. Tena msichana ninayemfundisha kazi, mwenye mimba ya miezi saba, mgongo ulipomshika nilimgawia diclo mbili na akapata nafuu. Sasa vipi ziwe sumu? Niache au niendelee? Na Ramadhani ikija nifanyeje?

Mama Gomesi, Kiyembe

*

Mama Gomesi,

Nianze na la haraka. Msichana wako asimeze tena diclo hata moja. Mimba ikishapita wiki ya 20, dawa za ukoo huu zinaweza kupunguza kazi ya figo za mtoto aliye tumboni mpaka maji ya uzazi yakapungua. Kuanzia karibu wiki ya 30 zinaweza pia kuuziba kabla ya wakati mshipa ulio karibu na moyo wake, mshipa ambao unatakiwa ubaki wazi hadi azaliwe. Usimtie hofu, kwani vidonge viwili havimaanishi kwamba mtoto ameshadhurika. Lakini mwambie leo, aende kliniki ya wajawazito, aseme alimeza nini na lini. Na kama mgongo ule unamshika na kumwachia, unamshika na kumwachia, asisubiri siku ya miadi. Katika miezi saba huo unaweza kuwa uchungu wa mapema, na kidonge cha kutuliza kingeuficha tu.

Sasa wewe. Diclo, ibuprofeni na sindano simamisha leo. Chupa ya Taxi Park iache pia, ila usiimwage, nitakwambia kwa nini. Vidonge vya presha usiache hata kimoja. Daktari umwone wiki hii hii. Ukikosa pumzi, ukitapika, ukiishiwa nguvu hata kusimama kukawa shida, au mkojo ukipungua sana, usingoje wiki iishe, nenda siku hiyo hiyo.

Binti yako amesema kweli kwa upande mmoja. Diclo huweza kuumiza figo, na kwa hali uliyoieleza ninaziwazia zako. Lakini kwa vidonge vya presha ameteleza. Presha isiyotibiwa ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowafikisha watu kwenye mashine za Kiruddu, pamoja na kisukari. Ukiacha lisinoprili ili kuokoa figo, utakuwa umemfukuza mlinzi ukidhani ndiye mwizi.

Daktari aliyekuandikia diclo hakukosea. Alikupima, akapiga picha, akakupa kipimo cha kawaida kwa siku kumi, akakwambia urudi. Lile neno la kurudi lilikuwa sehemu ya dawa. Ulipoliacha, dawa ilibaki bila mwenyewe. Hebu tuhesabu siku yako moja mbaya: vidonge vitatu vya miligramu 50, hizo 150, nacho ndicho kiwango cha juu cha diclo kwa mtu mzima kwa siku nzima. Juu yake sindano, ambayo kwa kawaida ni miligramu 75. Usiku ibuprofeni. Na chupa, ambayo hakuna ajuaye ndani yake mna nini. Hakuna daktari hata mmoja aliyekuandikia jumla hiyo. Imejiandika yenyewe, kwa sababu wa goti hajui habari za presha, wa presha hajui habari za sindano, wa sindano hakuuliza, na mwanao Dubai alitaka tu mama yake alale. Hilo ndilo linalonisumbua katika barua yako kuliko diclo yenyewe. Watu wanne wanakutibu, na hakuna hata mmoja anayekuona mzima.

Diclo, yaani diklofenaki, ni ndugu wa ibuprofeni, naproksini, meloksikamu, piroksikamu, indomethasini na aspirini. Mwili ukiumia hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, nazo ndizo zinazovimbisha kiungo, kukipasha joto na kukitia maumivu. Mwaka 1971 mwanasayansi Mwingereza, John Vane, alionyesha kwamba aspirini na jamaa zake hutuliza kwa kuuzuia mwili usitengeneze kemikali hizo, na mwaka 1982 akawa mmoja wa watatu waliopewa tuzo ya Nobel kwa kazi iliyohusu prostaglandini. Shida ni kwamba prostaglandini hazikai gotini peke yake. Tumboni hulinda ngozi ya ndani isiunguzwe na asidi. Kwenye figo huilegeza mishipa midogo inayoingiza damu ili ichujwe. Kidonge ukishakimeza huzunguka na damu mwili mzima, kikituliza goti huku kikiondoa ulinzi kule ambako hukukituma. Ukimeza ndugu wawili kwa pamoja, nafuu haiongezeki kwa maana, madhara ndiyo yanayoongezeka. Parasetamoli haimo katika ukoo huu, ndiyo maana daktari anaweza kukuandikia parasetamoli na diclo pamoja bila kukosea.

Figo zako zina mtihani wa ziada. Lisinoprili hulegeza mishipa inayotoa damu kwenye vichujio vya figo, jambo jema kwa presha. Kidonge cha kukojoa hupunguza maji mwilini, jema pia. Diclo ikija inabana mishipa ya kuingizia. Damu inayoingia imepungua, inayotoka imefunguliwa njia, na maji yenyewe ni machache, basi nguvu ya kuchuja inaanguka. Dawa hizi tatu zikikutana kwa mtu aliyepita miaka 60, madaktari wa figo huziogopa kwa sababu hazitoi kelele. Hakuna maumivu. Kreatinini, uchafu ambao figo hupaswa kuuchuja, inapanda kimyakimya kwenye damu, na mtu anaendelea kushona.

Viatu vinavyobana jioni huenda vinatoka hapohapo, kwa kuwa diclo huufanya mwili ushike chumvi na maji, hupandisha presha, na hudhoofisha vidonge vya presha. Kwa hiyo ile 168 yako pengine haina maana kwamba lisinoprili imeshindwa. Ninachohofia ni kliniki ya presha, isiyojua lolote kuhusu diclo, kukuongezea kidonge cha tatu ili kupigana na kazi ya kidonge ambacho hawajui unakimeza. Nimeona wagonjwa waliopandishiwa dawa za presha mara mbili kabla mtu hajawauliza magoti yao yanatulizwa na nini.

Kuna kisa cha ndege kinachonirudia kila ninapoona kalooli, wale korongo wakubwa, wamejipanga juu ya miti ya Kampala, ingawa kalooli wenyewe hawamo kisani. Kule India, Pakistani na Nepali, tai wanaokula mizoga walianza kutoweka kwa mamilioni katika miaka ya 1990. Watu walidhani ni virusi au sumu ya mashamba. Mwaka 2004 watafiti walitoa matokeo: tai walikuwa wakila mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki, na figo zao zilikufa kwa siku chache. India ilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006. Mtu si tai, figo zetu huivumilia dawa hii vizuri zaidi, na mamilioni ya watu huimeza bila kudhurika. Nakusimulia kwa sababu wewe na binti yako mnabishana kama diclo ni dawa au ni sumu, na kisa hiki kinaonyesha kwamba jibu linategemea sana ni nani aliyeimeza.

Tumbo nalo. Kule kuwaka moto ukilala kunaweza kuwa asidi tu, na kunaweza kuwa kidonda kinachoanza. Baya la dawa hizi ni kwamba kidonda chake wakati mwingine hakiumi, kwa kuwa dawa yenyewe inatuliza maumivu, mpaka siku kinapotoka damu. Watu wengi hapa mjini wanaamini sindano inaokoa tumbo kwa vile haipiti mdomoni. Haiokoi. Dawa hulidhuru tumbo zaidi kupitia damu, iwe imeingilia mdomoni au matakoni. Sindano ina hasara zake pia: jipu kama usafi ulikuwa mdogo, na ganzi au udhaifu wa mguu kama sindano imegusa mshipa mkubwa wa fahamu unaopita takoni. Ukiweza kumeza, kwa ugonjwa wako sindano haina faida ya kudumu kuliko kidonge. Inatuliza mapema kidogo, basi.

Na moyo? Mwaka 1999 ilitoka dawa iitwayo Vioxx, iliyotengenezwa makusudi isiumize tumbo. Ilipendwa sana duniani. Tarehe 30 Septemba 2004 kampuni ya Merck iliiondoa sokoni baada ya utafiti kuonyesha kwamba waliokuwa wakiitumia walipata mshtuko wa moyo na kiharusi zaidi ya wenzao. Baadaye ilibainika kwamba hatari hiyo inagusa karibu ukoo mzima, kwa viwango tofauti, na diklofenaki haiko mbali na zile za juu. Mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Ulaya walisema diklofenaki isipewe mtu aliyewahi kupata kiharusi, mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi au mwenye mishipa ya moyo iliyoziba. Wewe hukutaja hayo, lakini ukiwa na 168 kwa 100 usiwe mtu wa kumeza diclo kila siku bila kuangaliwa.

Sasa ile chupa inayoshinda zote. Sina ugomvi na mitishamba. Bibi zetu walitibu kwayo na baadhi ya dawa za hospitali zimetoka kwenye mimea. Ninachotilia shaka ni dawa ya majani inayofuta maumivu ya miaka ndani ya siku mbili. Katika nchi nyingi maabara zimepima dawa za namna hiyo na kukuta mmesagiwa diklofenaki, au deksamethasoni, au prednisoloni. Hizo mbili za mwisho ni steroidi. Hutuliza viungo ajabu, huleta hamu ya kula, huvimbisha uso, na kwa muda mrefu hupandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa. Zikiwa pamoja na diclo, hatari ya tumbo kutoka damu hupanda mara dufu na zaidi. Tena mwili uliozoea steroidi kwa wiki nyingi husahau kutengeneza yake, ukikatiwa ghafla mtu anaweza kulegea, kutapika na kuzimia. Ndiyo maana nimekwambia ukitapika au ukiishiwa nguvu uende siku hiyo hiyo, na chupa usiimwage bali uende nayo, na umweleze daktari umeinywa kwa muda gani. Usione haya. Atakayekugombeza kwa kusema ukweli, mwache, tafuta mwingine.

Basi chukua kavera moja, yaani mfuko wa plastiki, utie vyote: diclo na bahasha yake, kopo la Dubai, chupa, vidonge vya presha, dawa ya kupaka, hata vile vidonge vya kichwa vya dukani, kwa sababu vingi vyake vina aspirini. Mmwagie daktari mezani. Mwambie: hivi ndivyo vyote vinavyoingia mwilini mwangu. Kisha omba upimwe kreatinini na potasiamu kwenye damu, mkojo, wingi wa damu kwa sababu tumbo linaweza kuvuja polepole, sukari kwa ajili ya chupa, na presha tena baada ya diclo kutoka mwilini. Ukisumbuliwa na tumbo muda mrefu, uliza pia kuhusu kipimo cha bakteria wa vidonda vya tumbo, maana bakteria huyo na diclo wakikaa pamoja hufanya kazi ya uharibifu kwa ushirikiano mzuri.

Kuhusu duka lako la dawa, nitasema kidogo tu. Hapa Uganda maduka madogo ya dawa yana leseni ya dawa za daraja C peke yake, yaani zinazouzwa bila cheti cha daktari, chini ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA. Kukuhudumia bila kukuuliza si heshima wanayokupa. Na zile bahasha za kaki zilizoandikwa 1x3 bila jina la dawa nazichukia. Mgonjwa akizidiwa usiku, hospitali haiwezi kujua alimeza nini. Dai jina liandikwe, na uzito wake kwa miligramu. Kidonge cha diclo cha 50 na kile cha 100 kinachoyeyuka polepole vinaweza kufanana, lakini cha 100 humezwa kimoja kwa siku, si vitatu.

Goti lako halitaachwa lilie. Kwa goti lililosagika, dawa ya kwanza ambayo wataalamu wa Uingereza waliipendekeza mwaka 2022 ni ya kupaka, yaani jeli ya ukoo huu huu wa diclo. Inayoingia kwenye damu ni kidogo sana ukilinganisha na kidonge, nayo hufika gotini kwa sababu goti liko karibu na ngozi. Kwenye nyonga isingefika. Kwa kuwa figo zako bado hazijulikani, subiri majibu kabla ya kuanza hata jeli. Ukiruhusiwa, ipake kama ulivyoelekezwa, mara tatu au nne kwa siku, bila kufunga plastiki juu yake, na usipake kisha ukaongeza vidonge. Kwa sasa tumia parasetamoli, miligramu 1000 kwa mara moja, ukiacha saa sita kabla ya nyingine, isizidi mara nne kwa siku. Kama una mwili mdogo au ini lina shida, daktari ataipunguza. Haitatuliza kama diclo, nisikudanganye.

Majibu yakiwa mazuri na presha ikashuka, daktari anaweza kukurudishia kidonge kwa siku chache goti linapochachamaa. Hapo uliza maswali matatu: nimeze kwa siku ngapi, dawa ya kulinda tumbo kama omeprazoli iko wapi, na nipimwe lini figo. Utakimeza katikati ya chakula au mara baada ya kula, na glasi nzima ya maji. Chai kavu si chakula. Sahani ya katogo, au hata mkate na yai, ndicho chakula. Usikivunje wala kukisaga kidonge chenye ganda, kwa sababu ganda limewekwa kisiyeyukie tumboni. Ukimaliza kumeza usilale papo hapo. Ukisahau kimoja, kiache kipite, usimeze viwili kufidia. Na siku ukiharisha, ukitapika au ukipata homa kali hata hunywi vizuri, simamisha kidonge cha maumivu mpaka upone, na siku hiyo hiyo umpigie simu wa presha akwambie cha kufanya na vidonge vyake. Homa yenyewe usiizime kwa diclo ukaendelea na kazi. Nenda ukapimwe malaria.

Dalili za kukimbilia hospitali mwambie na binti yako azijue: choo cheusi kama lami, matapishi yenye damu au yanayofanana na machicha ya kahawa, kifua kubana, mdomo kwenda upande au mkono kulegea, uso na midomo kuvimba, vipele vya malengelenge, macho ya manjano.

Kwa wasomaji wengine watakaoichukua barua hii kama yao, mambo machache. Anayemeza dawa za virusi vya Ukimwi zenye tenofoviri, na hapa kwetu ni wengi, figo zake tayari zina mzigo, asijinunulie diclo. Kadhalika mwenye pumu iliyowahi kuchachamaa baada ya aspirini, na anayetumia warfarini. Anayemeza aspirini ndogo kwa ajili ya moyo ajue kwamba ibuprofeni inaweza kuizuia isifanye kazi. Na si kila kiungo kinachouma kimesagika. Vidole vya mikono yote miwili vikivimba, na asubuhi ukakaa saa nzima na zaidi kabla havijalegea, hiyo huenda ni baridi yabisi, kinga ya mwili inayokula viungo. Diclo itatuliza maumivu huku viungo vikiendelea kuharibika. Mgonjwa huyo anahitaji daktari wa viungo na dawa nyingine kabisa, tena mapema. Kidole gumba cha mguu kinachowaka usiku baada ya nyama choma na bia ni habari nyingine, huenda ni jongo.

Turudi kwenye kazi yako, kwa sababu najua gomesi hazijishoni. Ukiweza kununua au kukodi mota ya cherehani, hata ya mtumba, goti litapumzika kuliko kwa kidonge chochote. Isipowezekana, badilisha mguu unaokanyagia, inua kiti kidogo magoti yasikunjike sana, na usimame utembee kila nusu saa. Asubuhi na jioni kaa kitini, nyoosha mguu mmoja mpaka uwe sawasawa mbele yako, uushikilie hapo kwa kuhesabu hadi tano, uushushe, mara kumi kila mguu. Paja lenye nguvu hulibebea goti mzigo. Itachukua wiki sita hivi kabla hujaona tofauti, na wiki mbili za mwanzo utaona ninakupotezea muda. Kama uzito umezidi, kupunguza hata kilo chache kunasaidia. Wateja wa kwanjula waambie mapema ni gomesi zipi hazitawahi. Hasira ya bibi arusi inapona haraka kuliko figo.

Ama Ramadhani, zungumza na daktari wa presha mwezi mmoja kabla, si usiku wa mwezi kuandama. Kidonge cha kukojoa huenda akakihamishia jioni au akakibadilisha, ili mchana usikaukiwe maji. Dawa ya maumivu, kama wakati huo umeruhusiwa, ni moja tu, baada ya kufuturu na kula, kamwe si kwa tende na maji peke yake. Usimeze nyingine wakati wa daku, kwa sababu saa zinazofuata utakuwa bila maji na figo zikiwa zimebanwa. Parasetamoli na mazoezi ya paja vinaweza kukufikisha. Ikiwa majibu ya kreatinini yatakuja mabaya, daktari akakukataza kufunga, sheria imempa mgonjwa ruhusa, na sheikh wako atakwambia utalipa vipi siku hizo. Mpelekee karatasi ya majibu, usimpelekee maneno yangu.